Hofu ya mteremko wa Iwambi: nilivyotibiwa huku naomba

Mwanamke wa kanisani akishikwa na wasiwasi anaumia mara mbili: kwanza wasiwasi wenyewe, halafu anaulizwa imani yake iko wapi. Kwangu hilo la pili liliuma zaidi.

Naishi Mbalizi, Mbeya, nauza nguo za watoto soko la Mwanjelwa. Mume wangu aliposimamishwa kazi, ada za watoto, kodi ya kibanda na chakula vyote viliniangukia mimi. Nikachukua mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba kubwa, marejesho kila Ijumaa. Mchana nilikuwa mzima tu, kwaya naimba, wateja nawachekea. Usiku wa Alhamisi ndipo macho yalipokataa kufumba. Jioni moja narudi nyumbani, Hiace ikiushuka mteremko wa Iwambi ambao kila mtu wa huku anaujua kwa ajali, moyo ulianza kwenda mbio, kifua kikabana, vidole na midomo vikafa ganzi. Nilijua nakata roho. Konda alinishusha, nikakaa pembeni ya barabara mpaka ikapita. Baada ya hapo ikawa inarudi, hata nikiwa jikoni, na Hiace nikaacha kabisa kupanda.

Kanisa moja nililoalikwa, mtumishi alisema nina roho ya hofu. Nikafunga, nikaombewa. Napata nafuu, halafu inarudi, na kila ikirudi inaniachia hofu nyingine: huenda Mungu amenichoka. "Msijisumbue kwa neno lo lote", Wafilipi 4:6, nilikuwa nausoma kama karipio.

Aliyenifungua macho ni mama mchungaji wetu. Nilimwamkia shikamoo, hata kiti sijakaa nikaanza kulia. Akaniacha nilie, kisha akasema, "Binti yangu, Eliya aliomba afe. Malaika hakumkemea. Alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena. Wewe leo umekula?" Sikuwa nimekula. Akanipakulia ugali na maharage, na kesho yake akanisindikiza hospitali.

Walianza na mwili: presha, wingi wa damu, tezi ya shingo, kipimo cha umeme wa moyo. Daktari alisema tezi ikifanya kazi kupita kiasi, au damu ikipungua, moyo unaweza kwenda mbio vilevile, kwa hiyo asingependa kubahatisha. Majibu yalikuwa mazuri. Ndipo nikapelekwa kwa daktari wa afya ya akili, na yule ndiye aliyenieleza kitu ambacho sikuwahi kukisikia popote. Mwili ukihisi hatari humwaga adrenalini ili ukimbie au upigane. Unapumua haraka haraka, unatoa hewa ya kabonidayoksaidi nyingi kuliko inavyotakiwa, na ile ganzi ya vidole na midomo inatokana na hapo. Akasema shambulio la namna hiyo kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika kumi hivi, kisha hushuka lenyewe. Niliposikia kwamba ganzi ina sababu, nusu ya woga uliisha palepale kwenye kiti.

Alinifundisha kutoa pumzi taratibu, ndefu kuliko ninayovuta. Mimi nikaiweka ndani ya Zaburi ya 23. Navuta: Bwana ndiye mchungaji wangu. Natoa polepole: sitapungukiwa na kitu. Naifanya asubuhi nikiwa mtulivu, maana ukingoja kujifunza hofu ikiwa imeshafika, hutaweza.

Kazi ngumu ilikuwa Hiace. Daktari alisema kila ninapoikwepa, ubongo unaamini kweli kulikuwa na hatari. Nikaanza na safari fupi, wifi yangu pembeni, hadi kituo cha mbele tu. Sharti lilikuwa moja: nisishuke hofu ikiwa juu, nisubiri ipungue humohumo. Baadaye tukaushuka mteremko wote, wifi akiwa amenishika mkono, kisha nikaushuka peke yangu. Dawa pia nilipewa, nikaambiwa mapema kwamba nafuu yake huchukua majuma kadhaa na nisije kuiacha ghafla bila kumwambia daktari. Chai ya rangi nimepunguza, hasa jioni. Kwa baridi ya huku tunaishi kwa chai, lakini kafeini inausukuma moyo uliokwisha kushtuka.

Ila dawa isingelipa deni. Nilimweleza mume wangu hesabu yote, nikawaeleza na wenzangu wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa. Kikoba kikanikopesha nikamaliza kausha damu, sasa narejesha kidogo kidogo kila mwezi. Usingizi wa Alhamisi ulirudi baada ya hapo.

Kuomba sijaacha. Nilichoacha ni kuyapima maombi kwa kuangalia kama moyo umetulia. Petro anaposema tumtwike Mungu fadhaa zetu zote, anasema na watu wenye fadhaa. Huwezi kumtwika mtu mzigo usio nao. Sasa nataja kitu chenyewe: kodi ya mwezi huu, homa ya mtoto, safari ya kesho. Nikisema amina mikono bado inatetemeka, maombi ni yaleyale.

Shambulio bado huja, mara chache. Wenzangu wa jumuiya wakiniuliza waanzie wapi, nawaambia waende hospitali ya wilaya, waeleze dalili zote, usingizi na hofu pia, waombe kuonana na mtu wa afya ya akili. Na anayewaza kujidhuru asingoje ibada ya Jumapili wala asubuhi. Amwamshe mtu usiku huohuo, waende.