Hiace ya boksi mpaka daladala ya Mwanza, skeli 1/24

Wadau habari zenu. Kuna kitu huwa nawaambia wote wanaoniuliza kuhusu modeli za magari za plastiki na leo nakiandika kwa kirefu: ukitaka modeli yako ikae kama gari la kweli, funika picha ya kwenye boksi, toka nje ukaangalie gari lenyewe. Picha ya boksi imetengenezwa iuze. Gari la kweli lina vumbi, lina mikwaruzo, lina siti alizochomelea fundi, na hivyo ndo vitu vinavyomfanya mtu ainame aisogelee meza.

Mfano wangu ni Hiace. Kampuni ya Aoshima ya Japani inatoa Toyota Hiace ya mfululizo wa 200, ile iliyoanza kutoka 2004, kwa skeli ya 1/24, yaani gari limepunguzwa mara 24. Ndani ya boksi unakuta bodi, fremu zenye vipande, vioo, tairi za mpira na karatasi ya dekali (michoro ya kubandika kwa kulowesha maji). Ukiunga kama maelekezo yanavyosema unapata toleo la Super GL la mtu binafsi, siti za mbele, siti ya nyuma, halafu nafasi tupu ya mizigo. Ni gari zuri sina ubishi. Ila huku Mwanza Hiace tunayoijua ina konda mlangoni, ina mstari wa rangi ubavuni, ina maandishi kwenye kioo cha nyuma, na hiyo hakuna kampuni inayoiuza kwenye boksi, lazima uitengeneze mwenyewe.

Na ukikaa ukafikiria, gari la kweli nalo limepita njia hiyo hiyo. Nyingi zinashuka melini zikiwa zimetumika Japani, zingine zilikuwa za mizigo tu, zinafika huku zinaingia gereji, fundi anakata bomba, anachomelea fremu za siti, anafunga sponji na leza (ngozi bandia), gari linaingia ruti. Kwa hiyo mimi mezani nafanya kazi ileile ya yule fundi kwa ukubwa wa moja ya ishirini na nne. Hilo ndo limenifanya nipende kuunga Hiace kuliko Ferrari au gari lolote la mashindano, na sidhani kama nitabadilika. Alafu kuna raha nyingine, Wajapani wanaendesha kushoto kama sisi kwa hiyo usukani uko kulia tayari, dashibodi huigusi.

Sasa tuongee vipimo maana hapa ndo modeli nyingi zinapokufa. Hiace ya bodi nyembamba ina urefu wa milimita 4,695, upana 1,695 na kimo 1,980. Gawa kwa 24 unapata kama sentimita 19.6 kwa 7.1 kwa 8.3. Maana yake milimita 1 ya mezani ni sentimita 2.4 za barabarani, na hiyo namba iandike ukutani mbele ya unapokaa. Bomba la inchi moja la fremu ya siti kwenye skeli ni milimita 1 na kidogo. Sponji ya sentimita 10 ni milimita 4. Mtu wa mita 1.70 ni sentimita 7.1. Ukitengeneza siti kwa kukadiria na macho utaweka bomba la milimita 2, ambalo kwenye gari la kweli ni bomba la karibu sentimita 5, na hakuna fundi duniani anayechomelea siti kwa bomba la hivyo. Mtazamaji hatajua kosa liko wapi ila ataona tu hiki ni kitoi.

Ndo maana nilienda stendi na rula na simu. Usiende ukaanza kupiga picha tu, watu watadhani wewe ni mtu wa leseni au unatafuta kesi. Mimi nilimfuata dereva mmoja mtu mzima, nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba, nikamweleza shida yangu na nikamuonyesha modeli nyingine niliyowahi kuunga ipo kwenye simu. Akaangalia akacheka akasema "pima tu mwanangu, ila gari likijaa naondoka." Konda wake ndo akawa ananishikia rula na kunionyesha vitu ambavyo peke yangu nisingeviona, mfano ile siti ya kukunja karibu na mlango imechomelewa bawaba ya mlango wa kawaida kabisa, na bomba la kushikilia abiria limeisha rangi sehemu moja tu, pale ambapo kila anayepanda anapeleka mkono.

Vifaa. Shiti za plastiki za modeli huku hazipatikani na kuagiza ni gharama, lakini plastiki yenyewe inaitwa polistirini na imejaa mtaani. Kava gumu la CD ni polistirini angavu, linafaa sana kwa kioo na kwa sakafu. Vikopo vingine vya mtindi ni polistirini nyembamba, geuza kopo chini uangalie alama ya pembetatu, ikiwa na namba 6 chukua. Umuhimu wake ni kwamba gundi ya modeli haigandishi kwa juu, inayeyusha plastiki kidogo pande zote mbili zikaungana zikawa kitu kimoja, sasa ukiweka plastiki ya aina nyingine mara nyingi haishiki. Waya wa shaba wa milimita 1 ndo fremu za siti, na nyaya nyembamba za earphone iliyokufa ndo waya za redio chini ya dashibodi. Zile fremu zinazobaki baada ya kukata vipande usitupe!! Ipitishe juu ya mshumaa mpaka ilegee, itoe kwenye moto, vuta taratibu pande mbili, unapata uzi mwembamba wa plastiki, ukivuta haraka unakuwa mwembamba zaidi, hiyo ndo antena yako. Na vipande vidogo vya fremu ukivilowesha kwenye asetoni ndani ya chupa ya kioo vinageuka uji mzito wa kuziba mianya, ukikauka unapiga msasa vizuri kuliko puti maana ni plastiki ileile ya bodi.

Siti nimekata kwa sponji nyembamba ya kufungia vyombo, juu nimefunika tishu moja iliyolowa gundi nyeupe ya mbao iliyochanganywa na maji. Tishu ikikauka inaacha mikunjo midogo pembeni, mikunjo ya leza iliyokaliwa miaka. Kwenye maungio ya bomba nimeweka tone la supagluu kwa ncha ya sindano ikawa alama ya kuchomelea. Ila supagluu isikaribie vioo, mvuke wake unaacha ukungu mweupe kwenye plastiki angavu. Vioo vyote nabandika kwa gundi ya mbao, ikikauka inakuwa angavu.

Kabla ya rangi osha kila kipande kwa maji na sabuni ya vyombo, kuna mafuta ya moldi (kalibu la kiwandani) yamebaki pale na rangi haishiki juu ya mafuta. Alafu pitisha kisu taratibu kwenye mistari ya milango kuiongezea kina. Watu wanaruka hii hatua na sijui kwanini. Angalia hesabu, rangi ya modeli hata ikipigwa vizuri inafika mikroni 50 (milimita 0.05) kirahisi, zidisha kwa 24 ni milimita 1.2 kwenye gari la kweli, yaani umepaka puti gari zima. Mstari wa mlango unazibika na bodi inakuwa kipande kimoja cha sabuni.

Rangi yenyewe nanunua kwa wachanganya rangi za magari. Nyeupe ya Hiace kwa Toyota ni namba ya rangi 058 na kila fundi rangi anaijua, ukitaja tu anakuchanganyia. Usiitumie ilivyo. Kwanza nyeupe kamili kwenye kitu kidogo inawaka sana, tia tone la krimu au kijivu itulie. Pili tina (kiyeyusha rangi) ya magari ni kali, inakula polistirini, kwa hiyo prayma (rangi ya kwanza ya chini) piga vumbi vumbi tu kwa mbali, safu nyepesi, subiri ikauke, tena nyepesi, mpaka plastiki ijifunike ndo uanze kulowesha. Fungua madirisha vaa barakoa, na tina isikae chumba kimoja na jiko la mkaa, hili halina mjadala.

Sasa kuna mambo mawili ya huku kwetu ziwani ambayo hayamo kwenye maelekezo yoyote. La kwanza unyevu. Masika, Machi mpaka Mei, ukipiga rangi ya tina asubuhi au jioni inatoka na weupe wa ukungu, kwa sababu tina ikikauka inapoza pale juu na unyevu wa hewani unaganda ndani ya rangi. Subiri jua la mchana, paa la bati lipate moto, ndo upige. La pili wale wadudu wa ziwani wanaopanda juu ya maji kama moshi. Usiku wanafuata taa, na wanatoka kwa wingi zaidi siku za mwezi mwandamo, kwa hiyo bodi mbichi chini ya balbu dirisha likiwa wazi asubuhi utaikuta ina mabawa. Rangi napiga mchana, nafunika na beseni safi, usiku sigusi kitu chenye rangi mbichi. Mtu anayekaa Kirumba au Igombe karibu na maji ananielewa hapa.

Kuchafua gari ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote. Uchafu una sababu zake, hauendi popote tu. Hiace ni boksi, ikikimbia hewa inazunguka nyuma na kuvuta vumbi, kwa hiyo mlango wa nyuma ndo mchafu kuliko mbele. Nyuma ya tairi chini kuna matope yaliyorushwa. Kioo cha mbele kina nusu duara mbili safi za waipa. Ukingo wa mlango wa kuteleza upande wa kushoto umechubuka mpaka prayma, na juu yake pembeni mwa paa kuna sehemu inang'aa kwa viganja vya konda anayegonga bodi twende, shusha, twende. Hiyo sehemu nimeing'arisha kwa kidole chenye mafuta kidogo na nawaambia kila mtu aliyewahi kupanda daladala akiiona anaitambua bila kuambiwa. Taa za mbele za gari la zamani zinageuka njano kwa jua, pitisha rangi angavu ya njano nyepesi sana kwa ndani. Tairi zisiwe nyeusi, ziwe kijivu iliyokoza. Na nyuma shusha milimita 2, ambayo ni kama sentimita 5, maana springi za daladala zimechoka na mzigo, gari likikaa sawasawa linaonekana halijawahi kubeba mtu.

Vumbi natumia la kweli. Nachota pembeni ya barabara ya Igoma, nakausha juani, nachuja kwa soksi nyembamba ya nailoni mara kadhaa mpaka libaki unga, napaka kwa brashi kavu. Rangi yake ni ya hapa hapa, hakuna chupa ya dukani inayoitoa. Ila mawe ni kesi nyingine, ukitaka kuiweka Hiace kwenye kituo chenye mawe yetu ya Mwanza nyuma usibebe jiwe la kweli, chembe za graniti kwenye skeli hii zinakuwa kubwa kama ngumi za watu wako. Chonga kwenye foam, paka kijivu, piga madoa kwa mswaki.

Maandishi na namba nimechapa stationery kwenye karatasi ya dekali nyeupe. Printa ikiwa ya wino wa maji pulizia vanishi angavu kwanza kabla hujalowesha, la sivyo wino unaondoka na maji. Kibao ni cheupe cha biashara, sio cha njano cha gari binafsi, na namba nimebuni, sijaweka ya gari la mtu. Kioo cha nyuma nimeandika Riziki ya Mungu kwa herufi za milimita 3 na nusu, kama sentimita 8 kwenye gari, ndo ukubwa niliopima stendi.

Bado sijafunga madgadi za nyuma na spea. Nikimaliza naanza ya zamani, ile Hiace ya miaka ya 90 yenye sura ya mviringo kidogo, siku hizi naiona chache barabarani na ndani zake zinatofautiana sana gari na gari. Mwenye picha za siti zake, hasa ile safu ya nyuma kabisa na sehemu ya spika, anitumie tafadhali, na akipata nafasi apime kimo cha siti kutoka sakafuni kwa sentimita, kugawa kwa 24 nitafanya mwenyewe.