Seiko alipohamia shamba

Jana nimerudi nyumbani karibu saa sita usiku, mgongo umekakamaa. Bibi harusi alinipokea na simu mkononi: anataka maua matatu tu ya hina na mstari mmoja mpaka kidole cha kati. Yale maua niliyofundishwa na mama, ya kujaza kiganja na kupanda hadi kwenye kiwiko, aliyaita ya kibibi. Nikamchora alivyotaka, nikawamaliza na mashoga zake wanane, nikapewa pesa yangu. Hakuna aliyenikosea. Lakini njiani koo lilinikaba.

Usingizi ulipokataa nikamrudia Okuhara Seiko, yule mchoraji wa Kijapani ninayemsoma tangu Ramadhani.

Alizaliwa mwaka 1837 katika mji wa Koga, kwenye familia ya samurai. Alitaka kwenda Edo, ndiyo Tokyo ya leo, akaishi kwa brashi yake. Utawala wa Koga haukuruhusu mwanamke kuhama. Basi akafanya ujanja ninaoupenda mno: alijiingiza kuwa mtoto wa kulea katika nyumba ya jamaa zake huko Sekiyado, utawala wa jirani usiokuwa na katazo hilo, na mwaka 1865 akatokea huko kwenda zake Edo.

Watu wakimtaja huanza na nywele. Mwaka 1871, wanaume wa Japani walipohimizwa kukata vishungi vyao, Seiko naye alikata zake, na akawa anavaa kiume. Mimi pia nilinaswa na nywele kwanza. Kilichonikalisha ni wino.

Uchoraji wake, ambao kwa Kijapani huitwa nanga (si ile ya meli), asili yake ni wasomi wa China. Shairi, mwandiko na picha hukaa kwenye karatasi moja, kwa brashi ile ile. Kijiti cha wino husagwa na maji juu ya jiwe, polepole, na karatasi ikishaguswa hunywa papo hapo. Mkono ukitetemeka, tetemeko limebaki. (Hina angalau ukiwahi na kitambaa unaifuta.) Seiko alimfuata Zheng Xie, Mchina wa karne ya 18 aliyesifika kwa mianzi na okidi, na mkono wake ulikuwa mzito, wa haraka, usioomba radhi. Tokyo ikampenda. Wanafunzi walijaa kwake mtaani Shitaya, na Kido Takayoshi, mmoja wa vigogo wa serikali mpya ya Meiji, alikuwa miongoni mwa waliomuunga mkono.

Halafu mambo yakageuka. Mwaka 1882 Ernest Fenollosa, Mmarekani aliyekuwa akifundisha chuo kikuu Tokyo, alitoa hotuba akaibeza michoro ya wasomi, na wakubwa wakamsikiliza. Aliyekuja kuwa mshirika wake mkuu katika kuijenga sanaa mpya ya Japani ni Okakura Kakuzo. Hapo niliiweka simu chini kidogo, maana huyo Okakura alipokuwa kijana alijifunza brashi kwa nani? Kwa Seiko.

Sijui mimi ningefanya nini. Pengine ningekaa barazani nikalaumu vijana. Yeye mwaka 1891 alihamia shamba, kijiji cha upande wa Kumagaya, pamoja na mwanafunzi wake Watanabe Seiran, akachora huko mpaka alipofariki mwaka 1913. Na huko mkono ukabadilika. Zile pigo nzito za Tokyo zikapungua, zikaja kazi za uvumilivu, za mistari myembamba na rangi, jani baada ya jani, wakati hakuna tena foleni mlangoni ya kumsifu. Wengine huzipenda zaidi zile za ujana wake. Mimi nimechagua hizi za shamba, na sikuona hivyo mwezi uliopita.

Chumba alichokuwa akichorea huko Kumagaya baadaye kilivunjwa kwa uangalifu, kikahamishwa na kusimamishwa tena Koga. Mji ule ule uliomkatalia kutoka! Nilicheka peke yangu gizani hadi mume wangu akauliza kuna nini.

Kesho nina bibi harusi mwingine, Kibokoni. Alfajiri nimeichuja hina mara mbili kwa soksi nyembamba isibaki hata punje, kisha nimekunja koni moja yenye tundu dogo kuliko zote nilizowahi kutumia. Nimeijaribu kwenye kifundo cha mkono wangu wa kushoto. Mstari umetoka kama uzi.