Wazee 14 na mimi peke yangu: mwaka wangu wa kujitolea Ujerumani

Nilikuwa na miaka 21 nilipokwenda Ujerumani kujitolea mwaka mzima kwenye nyumba ya kulea wazee. Nilipitia weltwärts, programu ya wizara ya maendeleo ya nchi hiyo. Ilianza mwaka 2008 kwa kuwapeleka vijana wa Kijerumani katika nchi zinazoendelea, na tangu 2013 huwapokea pia vijana kutoka nchi hizo. Umri unaokubaliwa ni miaka 18 hadi 28.

Kabla ya hapo nusura nitapeliwe. Watu fulani niliowapata mtandaoni walinitaka nitume ada ya kushikiwa nafasi hata kabla hawajaniuliza ninajua kufanya nini. Niliwaandikia swali moja tu: nikiugua, nani atalipa hospitali? Sikujibiwa. Shirika lililonipeleka baadaye lilijibu swali hilohilo kwa maandishi: bima ya afya, makazi, chakula, tiketi ya ndege na pesa ya mfukoni ya kila mwezi, kila kimoja na anayekigharamia. Mpaka leo kijana akiniuliza aanzie wapi, namwambia aanzie kwenye bima.

Nilifika na cheti cha Kijerumani cha ngazi ya A1, ya chini kabisa, nikidhani nina lugha. Nilichokuwa nacho ni kujitambulisha na kuuliza saa. Wazee wangu walizungumza lahaja ya kwao, wengine kwa sauti ndogo sana, na wahudumu walikabidhiana zamu kwa kasi ambayo nilikuwa nikiambulia jina la mgonjwa na namba ya chumba tu. Zamu ya asubuhi ilianza saa kumi na mbili. Kazi yangu ilikuwa kutandika vitanda, kusukuma viti vya magurudumu, kuwalisha wasioweza kushika kijiko, na kukaa na wazee. Hicho cha mwisho ndicho nilichokipenda kuliko vyote. Mzee anayesahau jina lako kila siku bado anaukumbuka mkono wako ukimshika.

Katika mwezi wangu wa tatu huko, mafua makali yakawalaza wahudumu kadhaa kwa mpigo. Ilikuwa majira ya baridi, giza linaingia saa kumi na nusu jioni. Muuguzi wa ghorofa yetu akaitwa ghorofa ya juu, akaniambia nimeshaizoea kazi, nibaki. Nikabaki na wazee 14. Kesho yake hivyohivyo, na safari hii niliachiwa pia sinia la dawa, vikombe vidogo vimepangwa tayari, nigawe tu. Niligawa. Nilijisikia nimeaminiwa, na nilikuwa na hamu kubwa ya kuonekana ninafaa.

Jioni ya tatu bibi mmoja alikikataa kikombe chake. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote, miguu haimbebi tena lakini akili yake ilikuwa timamu kabisa. Alisema vidonge vile si vyake. Nilidhani sijamwelewa, nikamsogezea tena. Akakishika kiganja changu, akakirudisha kikombe kwenye sinia na kusubiri nisome jina. Kilikuwa cha jirani yake. Nilikaa chini pembeni ya kitanda kwa sababu magoti yalikuwa hayana nguvu. Kama ningekuwa nimempelekea mzee mwingine, asiyejitambua, angevimeza.

Usiku ule niliutoa mkataba wangu kutoka kwenye begi. Nilikuwa nimeutia saini miezi mingi nyuma bila kuusoma zaidi ya ukurasa wa kwanza, na hilo najilaumu kwa dhati. Kila kitu kilikuwemo: saa 39 kwa wiki, kusaidia chini ya uangalizi wa mhudumu aliyesomea kazi, kutogusa dawa. Jina la mtu wa kumwendea nikiwa na tatizo nalo lilikuwemo.

Wiki iliyofuata nilikuwa na semina. Mtu wa kujitolea katika mpango huu hupata siku 25 za semina kwa mwaka, na wengi tulizichukulia kama mapumziko. Mimi zile zilinisaidia kuliko kitu kingine chochote. Mkufunzi alitueleza kwamba sheria ya huduma ya kujitolea ya serikali kuu ya Ujerumani, iliyotuhusu na sisi, hairuhusu mtu wa kujitolea kuziba nafasi ya mfanyakazi wa mshahara. Akatusimulia pia huduma hiyo ilikotoka. Tangu 1961, vijana wa kiume waliokataa kushika bunduki kwa sababu za dhamiri walitumikia badala yake kwenye hospitali, nyumba za wazee na kwingineko. Wajibu wa jeshi uliposimamishwa mwaka 2011, utumishi ule ukaisha nao, na huduma hii ya hiari ikaanzishwa mwaka huohuo. Kwa hiyo nyumba za wazee zilikuwa na miaka 50 ya kuzoea mikono ya vijana. Nilipolisikia hilo hasira yangu ilipungua kidogo. Niliwaona wale wahudumu upya: watu waliochoka, waliorithi mazoea. Lakini mazoea hayo yalikuwa karibu kumdhuru mtu kupitia mkono wangu.

Nikamwendea yule bibi mwalimu nikamwomba anisaidie kutayarisha maneno. Kila siku baada ya zamu, kuanzia saa nane mchana, tulikaa dirishani kwake. Nilichoandika mwanzoni alikikata karibu chote. Niliandika *ich will*, nataka, akaweka *ich möchte*, ningependa. Alitaka tarehe, saa na kilichotokea, basi. Machozi niyaache chumbani kwangu. Na alinikataza kutaja jina la yule muuguzi, kwa sababu shida ilikuwa ratiba ya zamu na si mtu mmoja. Nilibishana naye siku mbili juu ya hilo. Sasa naona alikuwa sahihi.

Kikao kilichukua muda mfupi. Tulikuwa watatu: mkuu wa nyumba, mratibu kutoka shirika langu, na mimi na karatasi yangu. Nilisoma huku sauti ikitetemeka, nikataja siku tatu na saa zake, nikauweka mkataba mezani kwenye ukurasa unaohusika. Mkuu wa nyumba alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza kuhusu vile vidonge, akaniuliza tena, akaandika. Tangu wiki ile sikuachwa peke yangu na sinia la dawa halikunikaribia. Muuguzi yule hakunisemesha kwa siku kadhaa, jambo lililoniumiza. Baadaye yeye ndiye aliyenifundisha kumgeuza mgonjwa kitandani bila kuumia mgongo.

Miezi iliyobaki ilienda haraka. Nilifikia ngazi ya B1, ya kati, na tulianzisha na mwalimu saa ya kusoma kwa sauti kila Jumatano, mimi nasoma, yeye na wenzake wananisahihisha. Nilipoondoka nilipewa cheti kinachoeleza kazi niliyofanya, nikakisoma mstari kwa mstari kabla ya kukipokea.

Mwaka mzima nilimwita mwalimu kwa *Sie*, namna ya heshima, naye aliniita hivyohivyo ingawa ningeweza kuwa mjukuu wake. Kwa desturi yao mkubwa ndiye huruhusu kuitana *du*, namna ya watu wa karibu. Asubuhi niliyokwenda kumuaga alikuwa ameshavaa, nywele zimechanwa, amekaa dirishani. Alininyooshea mkono, akalitaja jina lake la kwanza, akasema tuitane *du*. Nilijaribu mara moja. Sauti haikutoka, akacheka, akaniambia nijaribu tena.