Ukuta uliogeuka mbao za kantini

Jamani, hatimaye nimeingia Villa Tugendhat, mjini Brno, Ucheki! Nyumba ilikamilika 1930, kazi ya msanifu majengo Mjerumani Mies van der Rohe, na dirisha zima la sebuleni linazama sakafuni kwa mota. Nimeduwaa.

Ila kilichoninasa ni ukuta wa mbao za Makassar (mbao nyeusi za thamani, aina ya mpingo) uliojipinda kuzunguka meza ya chakula. Wakati wa Vita Kuu ya Pili uling'olewa, watu wakadhani umepotea. Mwaka 2011, ukarabati ukiendelea, mbao zake zikakutwa kwenye kantini ya chuo kikuu mjini humohumo, jengo lililowahi kutumiwa na Gestapo, polisi wa siri wa Wanazi. Wanafunzi walikuwa wanajilia wali wao pembeni ya hazina! Zikarudishwa nyumbani.

Mkitaka kwenda, kateni tiketi mapema mno. Wageni huingia kwa vikundi vidogo.