Mshale Ulioelekea Shambani

Mwaka 2017 nilikuwa fundi sanifu wa upimaji katika kampuni ndogo iliyopewa kazi ya kuweka vigingi vya jengo la zahanati katika kijiji kimoja, magharibi mwa mji wa Iringa. Kiwanja cha zahanati kilikuwa kimepimwa tangu miaka ya 1980, ramani yake ikaidhinishwa na pembe zake zikawekewa bikoni, yaani mawe ya zege ya mpaka, lakini nyasi na miaka vilikuwa vimezifunika, na vijana wengi wa kijiji hawakujua zilipo. Ofisi ya mhandisi mshauri ilitutumia faili lenye viwianishi, yaani namba zinazoonyesha mahali, vya pembe za kiwanja na za jengo. Lilikuwa na safu mbili za namba na majina ya nukta, basi. Hakuna mstari hata mmoja uliosema namba zile zimepimwa kwa datumu ipi, yaani zinahesabiwa kutoka msingi gani wa vipimo vya dunia.

Tulikuwa na vipokezi viwili vya satelaiti, yaani besi iliyosimama kwenye miguu mitatu na rova niliyoibeba juu ya fimbo, pamoja na kidhibiti cha mkononi kilichokuwa na SurvCE, programu ya upimaji. Mpimaji wetu mkuu aliisimika besi karibu na ofisi ya kijiji na kuiacha ijisomee mahali ilipo kwa satelaiti, jambo ambalo huweza kukosea kwa mita kadhaa ingawa umbali kati ya besi na rova hubaki sahihi kwa sentimita. Nilichagua pembe ya kwanza ya kiwanja, na skrini ikanionyesha mshale pamoja na umbali uliobaki. Mshale ulielekea kaskazini, ukavuka barabara, ukaingia katika shamba la mahindi yaliyokuwa yamefika kifuani.

Kwa asiyejua kazi hii, mtu anayetembea na fimbo katikati ya mahindi huenda ni kichekesho. Kwa mwenye shamba, ni habari nzito. Iringa ndiko yalikoanzia, mwaka 2014 katika kijiji cha Ilalasimba, majaribio ya MAST, programu ya simu ya kupima na kusajili ardhi, ambapo vijana wa kijijini walipima mashamba kwa simu ili wanavijiji wapate hati za hakimiliki ya kimila chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999. Habari ilikuwa imesambaa, na watu wa upande ule walijua vizuri kwamba kifaa kidogo cha mkononi kinaweza kumpa mtu ardhi, na kwa hiyo kinaweza pia kumnyang'anya. Mama mwenye shamba alikuja haraka akiwa na hati yake ndani ya mfuko wa nailoni, akaifungua mbele yangu na kuniuliza, "Mwanangu, zahanati inajengwa kwangu?"

Nilimjibu kwamba hakuna kigingi kitakachopigwa pale mpaka tujue namba zile zimetoka wapi. Nililisema hilo kwa uhakika, kwa sababu skrini ilikuwa inanipeleka mbali mno na mahali ambapo kijiji kizima kilijua ndipo uwanja wa zahanati, na tofauti kubwa kiasi hicho haisababishwi na satelaiti wala betri.

Mzee mmoja aliyekuwa akitufuata tangu asubuhi ndiye aliyetufungulia njia. Nilikuwa nimemwamkia shikamoo nikapita, nikidhani anatazama tu. Sasa akasema, "Kijana, bikoni haziko huko. Zege lake nililichanganya mimi." Akatuongoza kurudi upande wa kusini wa barabara, akakata nyasi kwa panga karibu na mti wa mparachichi, kisha akaanza kufukua kwa kisigino. Kilichotokea ni kichwa cha zege kilichomeguka upande mmoja, katikati yake ncha ya nondo yenye kutu, na ubavuni namba iliyochorwa zege likiwa bado bichi. Namba ile ilikuwa ndiyo iliyoandikwa kwenye ramani.

Nikasimamisha fimbo juu ya nondo, nikasoma, nikatoa hesabu. Kati ya namba za faili na za skrini kulikuwa na tofauti ya mita 302 kaskazini-kusini na mita 91 mashariki-magharibi. Mpimaji mkuu alipoziona hakuhitaji kuuliza tena. Ramani za zamani za Tanzania zimejengwa juu ya datumu ya Arc 1960, inayotumia umbo la dunia la Clarke 1880 na yenye asili katika upimaji wa meridiani ya 30, yaani mstari wa longitudo ya nyuzi 30 mashariki, ilhali satelaiti husoma kwa datumu nyingine, WGS84. Jiwe lilelile, likiandikwa kwa datumu hizo mbili, hupata namba zinazoachana kwa takribani mita 300 upande wa kaskazini-kusini na chini kidogo ya mita 100 upande wa mashariki-magharibi. Programu ilikuwa imetii ilichoambiwa: ilizichukua namba za Arc 1960 ikazitafuta kama za WGS84.

Tukabadilisha datumu katika mipangilio ya kazi kuwa Arc 1960, Kanda ya 36 Kusini ya UTM, mfumo wa gridi unaoigawa dunia katika kanda. Mita chache zilizobaki, ambazo zilitokana na besi kujisomea yenyewe, tulizimaliza kwa kuifungia kazi kwenye bikoni mbili alizotuonyesha mzee, yaani kuzisogeza namba zetu zilingane na zao. Bikoni ya tatu hatukuiingiza katika hesabu hiyo; tuliiacha iwe shahidi. Nilipouliza programu ilipo, mshale ulinifikisha kwenye kichaka cha miiba, na panga la mzee likaikuta sentimita 3 kutoka ncha ya fimbo yangu. Naamini ukaguzi wa namna hiyo ni haki ya kila mwananchi ambaye kigingi kitapigwa jirani na kwake, wala usiachwe kwa kisingizio cha muda.

Mchana tukaweka pembe za jengo. Mafundi ujenzi walizihakiki kwa njia yao ya pembetatu ya futi tatu, nne na tano, inayothibitisha pembe mraba, kisha tukapima kwa utepe kutoka pembe hadi pembe, na vipimo vyote viwili vya mshazari vikalingana. Mama aliyekuja na hati alibaki akitazama upande ule wa barabara mpaka kigingi cha mwisho, akamwomba mwenyekiti wa kijiji aandike kwenye daftari la ofisi kwamba shamba lake halikuguswa, na mwenyekiti akaandika, nasi tukatia saini.

Jioni ileile mpimaji mkuu aliiandikia ofisi ya mhandisi mshauri akitaka faili jipya, lenye datumu, kanda na namba ya ramani katika mstari wa kwanza kabla ya kiwianishi chochote. Lilipofika, nililifungua kwenye kidhibiti, nikalilinganisha na bikoni zote tatu, ndipo nikamwambia msimamizi wa ujenzi kwamba anaweza kuanza kuchimba msingi.