Imefika, au bado iko njiani?

Tangu usiku wa Jumanne kuna neno moja nililolisema kwa kinywa changu mwenyewe na ambalo halitaki kuniachia. Neno hilo ni "imefika". Limenijia kwenye daladala ya Buhongwa, limenijia nikichambua mchele, na jana limenijia katikati ya kikao cha ofisi hata nikaombwa kurudia nilichokuwa nasema.

Mimi ni wakili hapa Mwanza, na mmoja wa wateja wetu ni mzee wa Sengerema, ng'ambo ya pili ya maji, anayegombea na jirani yake shamba la mpunga ambalo mpaka wake ni mti wa mkuyu. Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya lilimpa ushindi jirani yake, na kwa Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, mtu asiyeridhika na uamuzi wa namna hiyo ana siku 45 za kukata rufaa Mahakama Kuu. Siku ya 45 ilikuwa Jumanne. Nakala ya hukumu aliyokuwa akiifuatilia ilitufikia Jumatatu alasiri, wakili mwandamizi alibadilisha sababu ya tatu ya rufaa mpaka jua la Jumanne likazama, na nilipokaa kuandaa mafaili umeme ukakatika mtaani kwetu, ikabidi nibebe kila kitu mpaka nyumbani na kuunganisha kompyuta na intaneti ya simu.

Kazi yenyewe si ngumu mtu akiwa ametulia. Unaingia kwenye mfumo wa mahakama kwa akaunti yako ya uwakili, unachagua Masjala Ndogo ya Mahakama Kuu ya Mwanza na aina ya shauri, unajaza majina ya wadaawa, yaani pande mbili za kesi, jinsi yalivyo kwenye hukumu, herufi kwa herufi, kisha unapandisha hati ya rufaa na viambatisho vyake vikiwa mafaili ya PDF. Ugumu ni kwamba ukurasa wa saba wa hukumu ulikuwa umeingia kichwa chini, nikaurudia. Intaneti ikakatika katikati ya kupandisha, nikaanza upya. Ilipotimu saa tano na dakika ishirini usiku, kioo kilionyesha kwamba waraka umetumwa. Niliegemea kiti na kushusha pumzi.

Baada ya robo saa simu ikaita.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Samahani kwa usiku huu. Nauliza tu, imefika?"

"Imefika, mzee. Lala salama."

"Imepigwa muhuri?"

"Siku hizi hatupigi muhuri usiku, mzee. Inakuja namba."

"Namba umeipata?"

"Itakuja asubuhi, wakishaipitia."

Akanyamaza kidogo. Nikasikia redio yake kwa mbali.

"Basi haijafika, mwanangu. Iko njiani."

Aliyasema kwa upole kabisa, akanitakia usiku mwema, akakata simu. Mimi sikulala mpaka saa nane. Kwanza niliumia, na niseme ukweli kwamba niliumia kwa sababu nilidhani ananitilia shaka, mimi niliyekuwa sijala tangu mchana kwa ajili ya shamba lake. Nikawa najibizana naye gizani. Nilimwambia, kichwani, kwamba Kanuni za usajili wa nyaraka kwa njia ya kielektroniki za mwaka 2018, Tangazo la Serikali Namba 148, zinasema waraka uliotumwa kabla ya saa sita usiku kwa saa za Afrika Mashariki unahesabiwa kuwa umewasilishwa siku ileile, isipokuwa ukikataliwa. Nilimwambia kwamba hata kama mfumo ungenigomea kwa hitilafu ya kiufundi, kanuni hizo zinaniruhusu kumwomba Msajili, kwa maombi yasiyo rasmi, kabla ya saa tisa alasiri ya siku ya kazi inayofuata. Kila hoja niliyoijenga ilisimama vizuri, lakini kila nilipomaliza sauti yake ilirudi palepale: iko njiani.

Kisha, nadhani ilikuwa karibu na saa saba, nililisikia neno langu upya. Nilikuwa nimesema "imefika" wakati kioo kiliniambia "imetumwa". Nilikuwa nimeruka hatua tatu kwa neno moja, na mzee ambaye hajawahi kuugusa mfumo huo alizihesabu zote akiwa kitandani kwake. Waraka unatumwa, kisha mtumishi wa mahakama anaupitia na kuukubali au kuurudisha urekebishwe, kisha inatoka namba ya malipo, ile tunayoiita kontrol namba, na ada inalipwa kwa simu au benki, kisha shauri linapewa namba yake na kusajiliwa. Mawakili wenyewe tumebishana mbele ya majaji kuhusu jambo hilihili, kwamba tarehe ya kufungua shauri ni ile ya kutuma waraka au ile ya kulipa ada, kwa kuwa kanuni ya zamani ilitaka ada ilipwe kwanza, na wapo walioona mashauri yao yakitupwa kwa ajili hiyo. Swali la mzee lilikuwa swali la kisheria, tena zuri, nami nililipokea kama manung'uniko.

Nilipokuwa kwenye mafunzo ya vitendo, kabla ya haya yote, nilikuwa napanda ngazi za masjala nikiwa na nakala kifuani, nikikimbizana na saa ya kufunga. Karani alihesabu kurasa, tukalipa, akapiga muhuri, akaandika tarehe kwa kalamu, na wino ulikuwa bado unang'aa nilipoirudisha nakala kwa mteja. Muhuri ule ulikuwa unasema mambo yote kwa pamoja: tumeupokea, umeulipia, uko kwetu. Siwezi kutamani turudi huko, maana nakumbuka watu wa Ukerewe waliopoteza siku mbili kwa ajili ya karatasi tatu, na Jumanne ile isingewezekana kabisa kwa mzee kama masjala ingekuwa mlango unaofungwa jioni. Lakini jambo lililokuwa moja sasa limegawanyika kuwa manne, na ni wajibu wetu kumweleza mteja yuko kwenye lipi. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021 na Kiswahili kikawa lugha ya mahakama, tumetoa jasho kutafuta istilahi za vitu vikubwa, nami nimekosea kitenzi cha kawaida ambacho mtoto anakijua.

Tena aliyeniambia ni mtu wa Sengerema. Kabla daraja la Kigongo na Busisi halijafunguliwa Juni 2025, watu wa upande ule walitegemea kivuko na walilala mjini usiku wa kuamkia tarehe ya kesi, kwa kuwa aliyefika gatini na aliyekwisha kuvuka walikuwa watu wawili tofauti, na aliyefika gatini angeweza kubaki hapo saa nzima akiitazama ng'ambo ya pili. Mzee ameishi na tofauti hiyo umri wake wote.

Jumatano nilimpigia mara tatu. Saa tatu asubuhi nilimwambia, "Mzee, imepokelewa, bado hatujalipa." Alicheka, kicheko cha furaha, akasema "Enhe." Kabla ya adhuhuri nikamwambia imelipiwa. Alasiri nikamsomea namba ya shauri, tarakimu moja moja, naye akazirudia polepole kwa mtu aliyekuwa akimwandikia, kisha akasema, "Sasa imefika." Siwezi kueleza jinsi nilivyofurahi. Wiki hii ofisi imehamia ghorofa ya pili na dada amejifungua salama Bugando, mtoto wa kike, kilo tatu na ushei, lakini nilichoandika kwenye ukurasa wa kwanza wa daftari jipya ni vitenzi vinne: imetumwa, imepokelewa, imelipiwa, imesajiliwa. Wakili mwandamizi amevisoma, akachukua kalamu, akaongeza saa pembeni ya kila kimoja.

Na kuna mwingine ambaye sijui amefika au yuko njiani: kaka yangu, mvuvi wa dagaa, hajapatikana kwenye simu tangu Jumatatu. Mwezi ni mkubwa tangu juzi, na mwezi ukiwa hivi wavuvi wa dagaa hawaingii ziwani, maana taa zao hazivuti kitu. Alipaswa kuwa amerudi nyumbani kutoka kambini. Upepo wa jana usiku ulikuwa mkali hata mabati yetu yalilia. Mama ameniuliza mara mbili leo na sikuwa na jibu. Kesho alfajiri nitashuka mwaloni Kirumba, kwenye soko la samaki, kuwauliza wanaotoka visiwani.