Ubale wa nane: jiwe la Mazeras chini ya hadubini

Ubale wa nane, yaani kijipande cha jiwe kilichosagwa kikawa chembamba kiasi cha kupitisha mwanga wa hadubini, umekubali. Nilimaliza kuusaga juzi usiku, na leo asubuhi kabla ya kwenda kazini nimeutazama tena, nijiridhishe kwamba sikuona tu kile nilichotamani kukiona.

Kwa wanaojiunga sasa: nachunguza yale mawe bapa ambayo huku Mombasa, na hata Nairobi, hutandikwa uani na kubandikwa ukutani. Yanaitwa "mazeras" tu, kwa jina la mji wa njiani ukitoka Mombasa kwenda bara. Ni miamba mashapo, yaani mchanga uliotuama, ukalemewa na mchanga mwingine, ukashikana. Mazeras, Mariakani, Maji ya Chumvi, Taru: tunayajua kama majina ya vituo vya barabarani, lakini wanajiolojia waliyatumia hayohayo kuyaita matabaka ya mawe ya mchanga ya Duruma. Ukielekea bara unakanyaga jiwe la zamani zaidi kila hatua, hadi utoke kwenye mashapo kabisa na kuingia kwenye miamba mikongwe ya upande wa Tsavo na Taita.

Jiwe langu nilipewa bure timboni, kipande kilichokatika vibaya. Mzee mmoja aliyekuwa akipasua kwa patasi na nyundo aliniambia, "Mwanangu, jiwe lina uso na lina ubavu. Lipige ubavuni, litafunguka lenyewe. Ukilipiga usoni unavunja tu." Niliandika maneno hayo daftarini bila kuyatilia maanani. Nilikuwa na haraka ya kufika kwenye hadubini.

Kazi yenyewe ni hii. Fundi wa vigae ananikatia kipande cha unene wa milimita tatu hivi. Nalainisha upande mmoja, naugandisha kwenye kioo cha slaidi kwa gundi ya epoksi, kisha nasaga upande wa pili juu ya kioo kinene kwa maji na unga wa silikoni kabaidi: kutoka ule wa chenga hadi ule laini, namba 220, 400, 600, mwisho 1000. Lengo ni milimita 0.03. Hapo jiwe linapitisha mwanga. Nasaga kwa maji kila mara, na nawasihi wenzangu msiache: vumbi kavu la kwatsi, yale madini magumu yaliyojaa kwenye mchanga, huharibu mapafu moja kwa moja. Inaniuma kuwaona vijana timboni wakikata jiwe kwa grainda bila hata kitambaa puani.

Hadubini ni ya shule, ya mtumba. Nimeiwekea karatasi mbili za polaroidi, zinazopitisha mwanga wa mwelekeo mmoja tu, nilizobandua kwenye skrini ya kompyuta iliyopasuka, moja chini ya slaidi, nyingine juu, zikipingana. Penye kioo kitupu panakuwa giza. Penye madini mengi panawaka rangi, na rangi hiyo hutegemea aina ya madini, namna yalivyolala, na unene wa ubale.

Huo unene ndio ulionipoteza wiki tano. Ubale wa kwanza na wa pili ulijaa zambarau, buluu na kijani, nami nikaandika majina ya madini ambayo hayakai kwenye jiwe la namna hii. Kumbe yote yalikuwa kwatsi. Kwatsi ya milimita 0.03 huonekana ya kijivu au nyeupe, ikifika 0.06 inakuwa nyekundu ya zambarau. Chati ya rangi ambayo Mfaransa Auguste Michel-Lévy aliitoa mwaka 1888 inaonyesha hilo wazi, na mimi nilikuwa nayo ukutani. Sasa nasaga mikwaruzo michache, naosha, natazama, narudia, hadi manjano ya mwisho iishe kwenye kwatsi zote.

Kuanzia ubale wa nne mambo yakatulia. Kwatsi ni safi kama maji, na nyingi hazizimiki kwa mara moja ninapozungusha slaidi; giza linapita juu yake kama kivuli cha wingu, dalili kwamba ziliwahi kukandamizwa. Feldispa, madini mengine ya kawaida kwenye mchanga, ina vumbi vumbi ndani, na ile aina yake ya potasi iitwayo maikroklini ina michirizi iliyokatana kama mkeka. Nikipunguza mwanga na kuinua lenzi kidogo, ule mstari mweupe wa pembeni, mstari wa Becke, unakimbilia ndani ya kwatsi lakini kwenye feldispa ya potasi unatoka nje kuelekea kwenye gundi. Hapo hata punje isiyo na michirizi haijifichi.

Lakini ulanga, yale madini ya magamba membamba yanayometa, ulinisumbua. Kwa macho jiwe linameremeta ulanga mtupu, ila kwenye ubale nilihesabu vipande vichache tu, vya kijivu hafifu. Ndipo nikakumbuka uso na ubavu. Mbale zote saba nilizikata sambamba na uso! Ulanga uliolala chali mbele ya lenzi hauonyeshi rangi zake.

Ubale wa nane nimeukata kwa kusimama, kupitia ubavuni. Ulanga umejitokeza kama nyuzi nyembamba za waridi, buluu na kijani, mstari juu ya mstari, karibu zote zimelala upande mmoja. Baadhi zimepinda pale zilipobanwa kati ya kwatsi mbili. Mistari hiyo ndiyo patasi ya yule mzee inaifuata. Jumamosi nitampelekea picha.

Kuna punje mbili pia ambazo hubaki nyeusi hata nikizungusha slaidi duara zima, na polaroidi ya juu ikitoka zinakuwa na waridi hafifu na kingo nzito. Ni ganeti, madini ambayo hayawaki rangi kati ya polaroidi mbili. Ganeti ziko tele kwenye ile miamba mikongwe ya Taita, hivyo nadhani mchanga huu ulitoka huko bara, ingawa punje mbili hazitoshi kusema kwa uhakika. Nitasaga unga wa kipande kizima na kuupepeta kwa maji, nione madini mazito yaliyobaki chini.

Ubale wa tisa, jiwe la chokaa la Kambe, uko kwenye gundi sasa. Unakauka hadi kesho jioni.